Ajali Yenye Kinga

Methali husema kuwa ajali haina kinga. Ni methali ya kale, na walioitunga waliijua dunia. Mtu hukwea mnazi aliouzoea tangu utoto, kuti likakatika mkononi. Baharia hutweka tanga kwa upepo mwema, tufani ikamfika kabla hajaiona bandari. Neno lenyewe lilitoka katika Kiarabu, ambamo maana yake ni muda uliowekwa, kikomo cha uhai ambacho mja hawezi kukisogeza mbele wala kukirudisha nyuma. Kwa hiyo aliyefikwa na ajali hakulaumiwa. Aliombewa dua, na jamaa zake walipewa pole. Hekima hii ilifaa, maana iliwafundisha watu kustahimili mambo yasiyo na dawa.

Lakini methali njema huweza kutumiwa vibaya. Gari hupinduka usiku penye kona ambayo dereva ameipita mara mia. Asubuhi watu hukusanyika, hutazama vioo vilivyotapakaa barabarani na kiatu cha mtoto kilichosalia majanini, hutikisa vichwa, kisha husema kwamba ajali haina kinga. Kati yao wamo wanaojua alikotoka dereva yule na alichokunywa huko. Hapo hekima ya wazee imegeuzwa shuka la kumfunika mkosaji. Msiba ule ulikuwa na saa yake ya kuanza na mahali pake pa kuanzia. Ulianza kwa bilauri ya kwanza, iliponywewa na mtu ambaye ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwake. Mwenye kilabu alimwona. Rafiki zake walimwona. Utingo wake alimngoja nje. Kila mmoja wao aliweza kuwa kinga, na hakuna aliyekuwa.

Yapasa kwanza kuifahamu hila ya kileo, maana adui asiyejulikana hazuiliki. Watu wengi hudhani kwamba ulevi huanza miguuni. Humtazama mtu kama anapepesuka, husikiliza kama ulimi wake umekuwa mzito, na wakiona anasimama wima na kusema sawasawa, humhesabu kuwa mzima. Mambo hayako hivyo. Kileo kikiingia katika damu hufika upesi kwenye ubongo, na sehemu inayopunguziwa nguvu mapema ni ile inayompa mtu hadhari, kipimo na haya. Miguu hufuata baadaye. Kwa hiyo kuna muda mrefu ambamo mnywaji hutembea vizuri, huzungumza vizuri, hucheka vizuri, na tayari ameshapotewa na kitu ambacho dereva hukihitaji kuliko miguu. Jicho lake huchelewa kuona, mkono wake huchelewa kulitii jicho, na ushujaa wake huongezeka kwa kadiri uwezo wake unavyopungua.

Mtu huyu akiulizwa kama anaweza kuendesha, hujibu kwamba anaweza. Wala hasemi uongo, kwani hivyo ndivyo anavyoamini. Hakimu aliyemo kichwani mwake, ambaye angemwambia kwamba amelewa, ndiye aliyelewa kwanza. Hii ndiyo sababu ahadi ya kunywa kidogo na kuacha wakati ufaao ni ahadi dhaifu. Anayetakiwa kuitimiza si mtu yule aliyeitoa alipokuwa hajaonja kitu. Mnywaji wa tembo la mnazi ana taabu zaidi, maana tembo lililogemwa asubuhi ni tamu na jepesi, na lile lile likikaa mpaka jioni huwa kali. Bilauri mbili za alasiri na bilauri mbili za usiku huitwa kwa jina moja na hazina nguvu moja. Naye anywaye gongo au chang'aa hana hata cha kukisia, kwa sababu aliyeipika hakuipima.

Wapo wanaotegemea dawa za kufuta ulevi: kahawa nzito, mchuzi wa pilipili, maji baridi kichwani, au usingizi wa nusu saa kitini. Vitu hivi vyaweza kumwamsha mlevi, lakini haviwezi kumwondolea kileo. Kazi ya kukiondoa ni ya ini, na ini halifanyi haraka kwa kubembelezwa. Kwa watu wengi hupunguza kiasi cha miligramu 15 katika kila mililita 100 za damu kwa saa moja. Aliyefikia miligramu 80 usiku wa manane huhitaji zaidi ya saa tano ili damu yake isafike. Basi dereva aliyelala saa nane za usiku akiwa amelewa sana, akaamka saa kumi na moja kuwahi abiria wa alfajiri, huenda akaoga, akavaa shati safi, akanukia sabuni, na akapanda kwenye usukani akiwa bado mlevi.

Kwa muda mrefu sheria za nchi nyingi zilifanya kosa lile lile la kuutafuta ulevi miguuni. Dereva aliyeshukiwa alitakiwa afuate mstari ulionyooka, au asimame kwa mguu mmoja, au atamke maneno magumu. Daktari aliitwa amtazame macho. Kisha mahakamani palizuka ubishi usiokwisha, kwa sababu kila upande ulikuwa na shahidi aliyeona vingine. Tajiri alimleta wakili hodari wa kueleza kwamba bwana wake alijikwaa kwa uchovu. Maskini hakuwa na wa kumsemea. Haki iliyotegemea jicho la mtazamaji ilikuwa haki ya bahati nasibu.

Wataalamu walijitahidi kuuondoa ubishi huo kwa kuleta mizani. Katika miaka ya 1920 Erik Widmark wa Sweden alitafuta njia ya kupima kileo katika matone machache ya damu. Mwaka 1936 Norway iliweka katika sheria kikomo cha miligramu 50 katika mililita 100 za damu, ikawa nchi ya kwanza kusema kwamba akipitaye ana hatia, awe anapepesuka au hapepesuki. Mwaka 1954 Robert Borkenstein, aliyekuwa katika polisi ya jimbo la Indiana huko Marekani, alitengeneza chombo cha kupima kileo kwa pumzi. Chombo hicho kilitegemea jambo la maumbile: damu ipitapo mapafuni huachia sehemu ya kileo chake katika hewa, na huhesabiwa kwamba kileo kilichomo katika mililita 2,100 za hewa hiyo ni sawa na kile kilichomo katika mililita 1 ya damu. Tangu hapo askari hakuhitaji tena sindano wala kubishana. Mtu alipuliza, na pumzi yake mwenyewe ikamtolea ushahidi.

Borkenstein huyo na wenzake walifanya tena uchunguzi mkubwa katika mji wa Grand Rapids, wakautangaza mwaka 1964. Waliwapima maelfu ya madereva waliogongana, na maelfu ya wengine waliopita barabara hizo hizo salama, kisha wakawalinganisha. Waliona kwamba penye miligramu 60 hatari ya kugongana ilikuwa kama mara mbili ya ile ya mtu asiyekunywa. Penye 100 ilikuwa mara sita au saba. Na penye 150 ilikuwa kama mara 25. Hesabu hiyo yastahili kukaa moyoni. Kileo huongezeka kwa kujumlisha, bilauri juu ya bilauri, lakini hatari huongezeka kwa kuzidisha. Mnywaji huhesabu bilauri, na barabara huhesabu kwa namna yake.

Uingereza iliifuata njia hiyo kwa kelele nyingi. Waziri wa Uchukuzi, Barbara Castle, mwanamke ambaye mwenyewe hakuwa akiendesha gari, alipeleka sheria iliyoweka kikomo cha miligramu 80 na kipimo cha pumzi, nayo ikaanza kutumika Oktoba 1967. Wenye vilabu walilalamika kwamba biashara yao itakufa. Wengine walisema kwamba uhuru wa raia umevamiwa na kwamba mwanamke hana haki ya kuwafundisha wanaume kuendesha gari. Katika mwaka wa kwanza waliokufa barabarani walipungua kwa watu 1,152. Watu elfu na zaidi waliendelea kula, kufanya kazi na kulea watoto, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba yeye ndiye aliyeokoka. Hiyo ndiyo taabu ya kinga: aliyetibiwa hushukuru, aliyekingwa hana habari.

Hata hivyo faida ile ilififia baada ya miaka michache. Madereva waliona kwamba askari ni wachache na barabara ni nyingi, na hofu ikawatoka. Jimbo la New South Wales katika Australia lilijifunza kutokana na hayo. Tangu Desemba 1982 askari wake waliruhusiwa kumsimamisha dereva yeyote, saa yoyote, bila kumshuku kwanza, nao walifanya hivyo mara nyingi na hadharani. Mwaka uliofuata vifo vya barabarani vilipungua kwa takribani sehemu moja ya tano. Fundisho lake ni kwamba adhabu kali iliyo mbali haimtishi mtu kama adhabu ya kadiri iliyo karibu. Mwizi haogopi urefu wa kifungo. Huogopa taa inayowaka uani.

Afrika ya Mashariki haikukosa sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 ilitaja kikomo cha miligramu 80. Kenya ilitunga kanuni za kipimo cha pumzi mwaka 2011, zikaweka mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi, na mwezi wa Desemba 2013 askari wakaanza kusimama usiku njiani wakiwa na vyombo ambavyo watu waliviita alkoblo. Mji wa Nairobi uliona mambo mapya. Walevi waliokuwa na motokaa za fahari walirudi nyumbani kwa teksi. Wengine walipeana habari kwa simu kuhusu njia walizosimama askari, wakazunguka kwa vichochoro, wakajiona werevu, kana kwamba waliokuwa wakikwepa ni askari na wala si kifo.

Halafu mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba kanuni zile zilipingana na Sheria ya Trafiki yenyewe. Sheria ilitaka ithibitike kwamba dereva alilewa hata akashindwa kulimudu gari; kanuni zilimtia hatiani kwa kupita kikomo tu. Hukumu hiyo ilionyesha jinsi mawazo mawili yalivyokuwa yakipigana. Wazo la zamani huuliza kama mtu amelewa kiasi cha kuonekana. Wazo jipya huuliza damu yake ina nini. La kwanza humngoja mlevi mpaka aonyeshe kwamba ameshindwa, na barabarani kushindwa huonyeshwa mara moja, kwa maiti. Mizani isiyokaa juu ya sheria iliyo imara ni chuma kitupu.

Wala pombe si adui pekee. Wapo madereva wa malori wanaotafuna mirungi usiku kucha katika njia ndefu itokayo Mombasa kwenda Malaba na mbele yake. Hawaitafuni kwa anasa. Mwenye mali anataka mzigo ufike, na malipo hayamsubiri anayelala. Mirungi huufukuza usingizi, haiulipi. Deni hubaki mwilini likiongezeka, kisha hudaiwa lote kwa ghafula, labda katika mteremko, huku macho yakiwa wazi na akili imekwisha kulala. Mvuta bangi naye huona muda umerefuka na gari la mbele liko mbali kuliko lilivyo. Hata dawa halali zina hatari yake: vidonge vingine vya mafua na mzio huleta usingizi mzito, na mgonjwa hununua, humeza, na huwasha gari bila kusoma maandishi ya paketi wala kumwuliza muuza dawa.

Katika jambo hili mizani bado ina upungufu. Dalili za bangi huweza kuonekana mwilini siku nyingi baada ya nguvu yake kwisha, kwa hiyo kuzikuta hakuthibitishi kwamba mtu alikuwa amepumbazwa wakati ule. Uingereza na Wales ziliweka mwaka 2015 vikomo vya dawa mbalimbali katika damu, za haramu na za tiba, na hiyo ni hatua njema. Lakini hapana chombo cha kumpima tajiri anayempa dereva mmoja safari ya madereva wawili. Sheria ikimkamata mtafuna mirungi na kumwacha aliyemlazimisha kukesha, imekata tawi na kuusaza mzizi.

Hata pale ambapo sheria ni imara na askari ni waaminifu, huwapo mahali ambapo askari hafiki. Mahali hapo ni kati ya meza ya kilabu na mlango wa gari. Hatua hizo ni chache, na ndizo zinazoamua. Wanaoweza kumzuia mlevi ni wale walio karibu naye, na hapo ndipo pana ugumu wa kweli, kwa sababu katika desturi za Waswahili na jirani zao heshima ni kitu kikubwa. Utingo hamwamrishi dereva. Mke haoni vema kumwaibisha mume mbele ya wageni. Kijana hamnyang'anyi mkubwa wake ufunguo. Mwenye karamu huona haya kumzuia mgeni asiondoke, na huona haya zaidi kumnyima kinywaji alichokitaka.

Chukua mfano wa kijana aliyefuatana na mjomba wake harusini. Mjomba amekunywa, kijana hakuonja kitu, naye ana leseni. Wanapofika kwenye gari kijana husema kwa upole, "Mjomba, leo nipe mimi ufunguo nikuendeshe, nawe upumzike." Mjomba hucheka na kumjibu, "Umeanza lini kunifundisha gari, mwanangu? Mimi naendesha tangu hujazaliwa." Waliosimama karibu nao hucheka. Kijana afanye nini? Akisisitiza, ataambiwa kwamba amekosa adabu. Akinyamaza, ataketi kando ya mjomba wake, au atawaona shangazi na watoto wakipanda nyuma, na mlango utafungwa. Watu wengi wamekufa katika kimya cha namna hiyo. Waliokuwa nao walijua, wakaona, wakachelea kusema.

Adabu ya kweli haikukusudiwa kuua. Wazee waliofundisha vijana kuinamisha vichwa walitaka wakubwa watunzwe, na hapana matunzo yanayozidi kuulinda uhai wa mtu wakati yeye mwenyewe ameacha kuulinda. Kijana anayeushika ufunguo kwa mikono miwili na kusema, "Niwie radhi, mjomba, utanigombeza kesho," amemheshimu mjomba wake kuliko wote waliocheka. Amemwachia kesho ya kumgombezea. Hivyo hivyo abiria wa basi. Hamsini hupanda, kila mmoja hunusa harufu ya pombe kwa dereva, kila mmoja humtazama mwenzake, na kila mmoja hungoja mwingine aseme. Akipatikana mmoja wa kusimama, aghalabu kumi husimama naye. Sauti ya kwanza ndiyo nzito, zilizobaki hufuata.

Nguvu ya sauti ya kwanza ilionekana Marekani mwaka 1980. Katika jimbo la California msichana wa miaka 13 alikuwa akitembea kando ya barabara, akagongwa na mlevi ambaye alikuwa amekamatwa kabla ya hapo kwa makosa ya namna hiyo hiyo na kuachiliwa. Mama wa msichana, Candy Lightner, alielezwa kwamba huenda mtu yule asifungwe hata siku moja. Nchi yake nayo ilikuwa na methali yake ya ajali, ingawa kwa maneno mengine: kuendesha ukiwa umelewa kulichukuliwa kuwa utani wa wanaume, na waliokufa walihesabiwa kuwa na bahati mbaya. Mama yule alikataa kupewa pole peke yake. Aliwakusanya akina mama wengine waliofiwa, wakaunda chama, wakaenda kwa wabunge na magavana, wakasimama na picha za watoto wao. Mwaka 1984 ilipitishwa sheria iliyoyasukuma majimbo yote kupandisha umri wa kununua pombe mpaka miaka 21. Mwaka 1982 walikufa nchini humo watu zaidi ya 21,000 katika misiba ya madereva walevi. Mwaka 2019 walikuwa kama 10,000. Idadi hiyo bado ni ya kutisha, lakini tofauti yake ni umati wa watu walio hai.

Kinga basi ina tabaka nyingi, na kila tabaka ina mwenyewe. Mnywaji aamue kabla ya bilauri ya kwanza nani atamrudisha nyumbani, kwa kuwa baadaye hatakuwa na akili ya kuamua. Mwenye karamu aandae mkeka wa mgeni kama anavyoandaa sahani yake, na asione haya kuuweka ufunguo kabatini mpaka asubuhi. Mwenye gari asinunue haraka kwa usingizi wa dereva. Askari apime wote, mkubwa na mdogo, wala asipokee kitu cha kumfumba macho, kwa sababu askari aliyehongwa na mlevi ameshiriki safari yake. Mtunga sheria aiweke mizani juu ya msingi usiotikisika. Naye aliye karibu, ambaye hana cheo wala chombo cha kupimia, aseme neno moja kwa wakati wake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi zisizo tajiri. Si wote waliouawa na kileo. Wako waliokutana na kuti lililokatika na tufani isiyotazamiwa, na hao methali ya wazee ni yao kwa haki. Waombewe na jamaa zao wapewe pole. Lakini kwa yule aliyegongwa na mtu ambaye watu kumi walimwona akipapasa tundu la ufunguo kwa mkono unaotetemeka, heshima ya methali yataka isitajwe. Matanga yake yanapokaliwa, na atajwe kwa jina lake, na lisemwe jambo lililomuua, hata kama baadhi ya walioketi jamvini watainamisha macho.